Shikamoo Kwenye Skrini Nyeusi

Vumbi likipata moto ndani ya kompyuta kuukuu hutoa harufu yake ya pekee, kama ya pasi ya makaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Juzi niliisikia kwa fundi mmoja pale Ukunda, nikaganda mlangoni kwake hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia la, nimemkumbuka baba yangu.

Baba alikuwa akiangalia kompyuta za hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipoleta mpya, yeye akapewa moja ya zile za zamani, akaja nayo Mwabungo kwa boda boda, ameipakata kama mtoto mchanga. Ilitumia DOS, mfumo wa zamani wa skrini nyeusi na maandishi meupe, ambao huamriwa kila kitu kwa kuandika. Aliniahidi kunifundisha nikikua kidogo. Kabla sijakua, kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yote yakamtoka.

Majirani hawakututupa, hilo nalisema kwa haki. Walikuja, wakaketi, wakamzungumzia mbele yake kana kwamba yuko chumba cha pili. Nami kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," naye akageuza uso ukutani. Nilikuwa darasa la sita. Niliamini amenikasirikia.

Siku moja mwalimu wetu alituambia kuwa michezo ya kompyuta huandikwa kwa lugha inayoitwa C. Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta Mama akikuna nazi, nikamuuliza lugha hiyo hujifunzwa wapi.

"Kamuulize babako," akasema.

"Lakini Baba hasemi."

"Nimesema kamuulize. Sikusema akujibu kwa mdomo."

Nikaenda, nikauliza nikitazama miguu yangu. Baba akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuelekea juu ya kabati, kwenye kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na CD moja. Humo alikuwa amehifadhi kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya C yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Aliipata bure, kwa sababu walioitengeneza waliamua kumpa yeyote anayetaka kujifunza.

Tulimketisha mbele ya mashine, Mama na mimi, tukamwegemeza kwa mito. Mashine ikanguruma, na ile harufu ikajaa chumbani. Baba akawa anaonyesha herufi moja moja kwa kidole, nami nabonyeza. Tulinakili mafaili, tukayafungua, nikaiita kompaila kwa jina lake. Mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Nikaita tena, jibu lile lile. Machozi yakanilenga.

Baba akaniongoza hadi kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapowashwa, tukaongeza mstari wa kuiambia mashine mahali kompaila inapokaa. Hapo nikaelewa. Ilikuwa kama nimemtuma mtu nyumbani kwa jirani bila kumwelekeza njia. Tulipoiwasha upya na kuita, kompaila ikaitika.

Nikaandika programu yangu ya kwanza, ya mistari michache tu. Kompaila ikaikataa, ikitaja kosa katika mstari wa tano. Niliukagua mstari huo hadi macho yakaniwasha, sikuona kitu. Nikamgeukia Baba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia mapajani, naye ananitazama tu. Nilidhani amechoka. Nikarudi kusoma tangu juu, polepole, na mwisho wa mstari wa nne nikaona sikuweka nuktamkato, alama ambayo C huitaka kila amri inapokwisha. Nikaiweka. Safari hii kompaila haikulalamika, na programu yangu ikaandika pale kwenye weusi:

Shikamoo Baba.

Alama ndogo ikabaki chini yake, ikiwaka na kuzimika, ikingoja amri nyingine. Baba alisogea mbele. Kwa kile kidole cha kushoto akatafuta herufi, moja baada ya nyingine, hata nikasahau kupumua: marahaba mwanangu. Kisha akabonyeza kitufe cha kutuma.

Mashine ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.

Baba akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kizito, chenye mkoromo, lakini kilikuwa chake. Nami nikacheka hadi nikakaa sakafuni. Mama alitokea jikoni, mikono imejaa machicha ya nazi, akasimama mlangoni akituangalia, na hakukumbuka kuyafuta machozi.

Maneno ya Baba hayakurudi, ila machache. Lakini kila alasiri alidai kuketishwa pale, na alinifundisha hadi nilipokwenda chuo. Leo kuandika programu ndiyo kazi yangu, na yeye ametangulia mbele ya haki.

Mwaka huu nimeanza kumfundisha binti yangu. Juzi naye alisahau nuktamkato, akahangaika, na mimi niliiona papo hapo. Kidole kilinitekenya nimwonyeshe. Nikakikalia, kweli kabisa, nikakiweka chini ya paja. Ndipo nilipomjua Baba upya. Siku ile alikuwa na mkono mmoja mzima, na kosa alikuwa ameshaliona kabla yangu. Miezi yote maradhi yalikuwa yamemnyamazisha. Kimya kile kimoja alikichagua mwenyewe, kwa ajili yangu.