Riwaya Iliyookolewa na Masikio ya Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi, mwandishi wa riwaya amejifungia chumbani, visikizi vya simu masikioni, vidole vinakimbia kwenye kompyuta ya kuazima. Sauti anayoisikiliza ni ya mumewe, fundi wa friji, ambaye saa hizi yuko kazini. Ilirekodiwa zamani: anasoma sura ya saba, anapiga chafya, kisha anatia neno lake. "Hapa, Mama, mimi ningemfukuza huyo mpangaji."

Mwandishi anacheka. Hilo haliandiki.

Anaandika upya kitabu alichokwisha kukiandika. Mwezi uliopita, bomba la jirani wa ghorofa ya juu lilipasuka yeye akiwa sokoni. Alipofungua mlango, kompyuta ilikuwa imelowa chapachapa, pamoja na diski ya akiba aliyoiweka pembeni yake.

"Nilikaa palepale kwenye maji," anasema. "Miaka miwili ya kazi, na mchapishaji anasubiri mswada."

Amejitegemea kwa uandishi miaka tisa. Riwaya yake ya kwanza iligombewa, ikalipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Ya pili ilitoka, mchapishaji akafunga kampuni, nakala zikabaki ghalani. Tangu hapo anajazia pengo kwa hotuba za harusi na matangazo.

"Nimeshasifia godoro mpaka likanitamanisha," anasema, "na mimi nalalia la kubonyea."

Baada ya mafuriko yale alikata tamaa. Alikubali kazi ya mapokezi kwenye zahanati, aanze Jumatatu. Hakumwambia mama mkwe, aliyezoea kulalamika kwamba mwanawe kaoa mtu wa kukaa tu.

Jumamosi, mama mkwe akapiga simu mwenyewe.

"Wewe mkwe, mbona mumeo kaninyima sura? Wiki ya pili hii! Yule mshonaji kafika kwao au hakufika?"

"Mshonaji gani, Mama?"

"Wa kwenye kitabu chako! Kwani una wangapi?"

Fundi ikabidi aseme ukweli. Macho ya mama yake yamefifia, hasomi tena. Kila Ijumaa alikuwa akimsomea sura moja kutoka kwenye kompyuta ya mkewe na kumtumia sauti kwa simu. Mama alimkataza kusema, mkwe asije akavimba kichwa. Sauti hizo yeye alizifuta kwenye simu yake, na hakuwaza kwamba mama angezihifadhi.

"Nizifute?" mama mkwe alishangaa. "Nyingine nimezisikiliza mara tatu!"

Zilikuwa sura ishirini kati ya ishirini na mbili.

"Nililia kwa kwikwi," anakumbuka mwandishi. "Mama akadhani simu imeharibika. Akawa anapaza sauti, haloo, haloo!"

Jumatatu hakwenda zahanati. Alikwenda kwa mchapishaji, akaongezewa mwezi mmoja. Usiku analala sasa, na chakula kinapita kooni.

Kazi za kubahatisha zitaendelea. Hotuba ya harusi inamsubiri wiki hii. Lakini kitabu kikitoka, amepanga kupanda basi na nakala ya kwanza, akamsomee mama mkwe zile sura mbili za mwisho kwa kinywa chake mwenyewe. Ameshamuarifu.

"Akanijibu, njoo asubuhi," anasema, akifuta jicho kwa kiganja. "Na usije na haraka zako, mwanangu. Nina maswali."