Mpe Salamu Zangu

Kwa miaka thelathini na moja Marhoon bin Msellem alilinda majalada ya watu wengine. Wizarani kule Maskati chumba chake kilikuwa na makabati ya chuma na funguo tatu, na mmoja wa funguo hizo hata mkuu wake aliuomba kwa adabu. Karatasi haikutoka bila saini. Siku ya kumuaga, mbele ya keki na ngao ya kioo, walimsifu kwamba hajapata kuvujisha neno, naye akarudi nyumbani kwake mtaa wa Hail akiwa ameamini kila walichosema.

Miezi miwili haikupita akaanza kuwaudhi wenye nyumba. Alipanga upya makopo ya viungo jikoni. Alimfundisha mkewe kupika biriani, mwanamke aliyeanza kuipika kabla hawajaoana. Ndipo binti yao Ibtihal, kwa kutaka tu mama yake apumue, akamnunulia baba kompyuta. "Si ulikuwa ukisema utaandika shajara ya ukoo, nani kamzaa nani?" akamwambia. "Haya, andika."

Aliandika, jamani. Aliandika miaka minne. Alipiga simu Unguja, Dar es Salaam, Dubai na kwengineko, akafufua watu waliodhaniwa wamekwisha kufa na kuwaudhi wachache waliokuwa wamependa kusahauliwa. Kila jina aliliwekea jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, jina la utani, kazi, picha, visa vya utotoni na namba ya simu, ili watu waungane. Alijirekodi hata sauti yake mwenyewe akisoma nasaba kwa mahadhi, saa nzima, akaitia humo humo. Majina yalipofika mia sita na kumi na mbili akaiweka shajara kwenye mtandao, wazi, aifungue atakaye.

Ibtihal, ambaye kazi yake ni hizo hizo kompyuta, alishtuka alipoiona. "Baba, tia hata neno la siri. Na namba za simu zitoe. Haya majina ya kina bibi na tarehe ndiyo mambo ambayo benki huwauliza watu."

"Ukoo wetu si siri," alijibu Marhoon. "Watu wetu wametawanyika vya kutosha. Sasa na mimi niwafungie mlango?"

Alilisema vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Mtu akishasema jambo vizuri hivyo huwa hasikii tena.

Sasa, huyu Marhoon ana dada yake mkubwa, Mahfoudha, mjane wa miaka sabini, anayeishi Mawaleh na mwanawe Hatem na wajukuu. Ndiye aliyemlea Marhoon mama yao alipokuwa mgonjwa. Maisha yake yote Mahfoudha ameshona kofia, zile za matundu madogo madogo, na wateja wake ni watu wanaojua kofia. Fedha zake zilikaa benki kwa jina lake na kadi ilikaa kwenye mkoba wake. Hatem alikuwa na kazi nzuri na aliweza kumpa mama chochote, lakini Mahfoudha alipenda kutokuomba. Alikuwa akiweka kidogo kidogo aende Unguja, alikotoka akiwa na miaka kumi na tano, na alikwisha sema nauli hiyo hatalipiwa na mtu.

Asubuhi moja simu yake ililia. Kijana, Kiunguja chake kimenyooka, akamwamkia shikamoo, akamuuliza hali ya goti lake.

"Wa nani wewe?" aliuliza Mahfoudha. Ndivyo tunavyoulizana sote. Hatumtaki mtu kitambulisho, tunamtaka baba na babu, na akishawataja tunamkaribisha kahawa.

"Mimi Aws, bibi. Aws wa Yaqdhan wa Bakhit. Nipo benki. Kadi yako kuna mtu anaichezea, nataka kuizuia kabla hajakuibia. Utakuja ujumbe wenye namba sita, nisomee."

Ujumbe ulikuja. Mahfoudha akavaa miwani. "Mbona hapa wameandika nisimpe mtu?"

"Wanakusudia mtu wa nje, bibi. Mimi si mtu, mimi mwanao."

Hapo Mahfoudha alifanya jambo la busara kuliko watu wengi waliosoma kumshinda. Alimwambia kijana asubiri, akaiweka simu juu ya cherehani, akaenda kwenye simu ya nyumbani akampigia ndugu yake.

Marhoon alikuwa na wageni kutoka Dubai, anawaonyesha shajara kwenye televisheni kubwa ya majlis, sebule ya wageni. "Marhoon, tunaye Aws wa Yaqdhan, anafanya kazi benki?" aliuliza dada yake. Marhoon alifurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali analolijua. Hakuuliza kwa nini. "Yumo!" alisema kwa sauti, wageni wasikie. "Mjukuu wa Bakhit. Benki, ndiyo. Mpe salamu zangu!"

Basi Mahfoudha akarudi akazisoma zile namba sita, na salamu akazifikisha.

Kila alichosema yule kijana juu ya Aws kilikuwa kweli. Aws yupo, ni wa Yaqdhan, anafanya kazi benki. Kisichokuwa kweli ni kwamba ndiye aliyekuwa akizungumza. Goti, baba na babu wa Aws, hata kwamba bibi husemeshwa Kiunguja, vyote mtu alivichukua alikoviweka Marhoon, akavisoma kama anavyosoma mtihani uliokuja na majibu. Kabla ya adhuhuri akaunti ilikuwa imekauka. Polisi waliandika maelezo. Benki walisikitika, wakasema namba amezitoa mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata ukoo ulikutana kwa Hatem. Hatem si mtoto mbaya, lakini alikuwa na uchungu, na uchungu wake aliumwaga kwa mama yake mbele ya sinia. "Mama, kwa nini lakini? Kila siku wanatangaza. Ungemuuliza mtu! Mtu mmoja tu!"

Marhoon alikuwa amekaa mkono wa kulia wa dada yake. Tonge lilikuwa mkononi. Alimtazama Mahfoudha, na Mahfoudha akamtazama yeye, kwa muda mfupi tu, kisha akainamisha macho. "Haya, mwanangu," alisema. "Mimi mjinga. Nimekosa."

Marhoon akala lile tonge.

Siku hiyo hiyo Hatem aliichukua kadi ya mama yake, akachukua na simu yake ya kisasa, kwa wema kabisa, na kuahidi kwamba atampa chochote atakachotaka, aseme tu. Usiku huo huo Marhoon aliiondoa shajara kwenye mtandao, nayo ilikuwa imekwisha pakuliwa na watu asiowajua. Alijiambia atakwenda kwa Hatem wiki ijayo, aeleze. Wiki ijayo kulikuwa na arusi. Halafu ukaja Ramadhani, na nani anataka kuleta maneno mwezi mtukufu? Alikuwa hodari wa kutunza majalada, na hili nalo alilitunza. Alijichukia, lazima niseme, alijichukia kila siku, lakini kujichukia kulikuwa rahisi kuliko kwenda Mawaleh.

Mahfoudha naye aliacha kupokea simu kwa Kiswahili. Ukimpigia simu ya nyumbani atakujibu kwa Kiarabu, kwa ukali, kama mtu wa ofisini. Hata ndugu zake.

Mwezi wa nane baada ya mkasa ule, Marhoon alimpigia kumjulia hali.

"Na'am? Min?"

"Mimi, dada. Marhoon."

Alijibu taratibu, kwa Kiswahili: "Jana pia kanipigia Marhoon. Sauti yako khasa, mpaka kikohozi chako. Anataka namba za kadi. N'kamwambia kadi sinayo. Sasa wewe nitakujuaje?"

Marhoon alikumbuka ile saa nzima ya mahadhi aliyoitia mtandaoni, ya kutosha mtu kuiiga sauti yake, akakaa chini.

"Nambie kitu kisichokuwemo kwenye shajara yako," alisema Mahfoudha.

"Utotoni tukikwita Fudha."

"Limo."

"Ulianguka ngazini nyumba ya Malindi kule Unguja, ukaumia goti."

"Limo. Umetia na picha."

"Mama alipokuwa mgonjwa ulikuwa ukinilisha uji, ukiniimbia..."

"Limo, Marhoon, kama ndo wewe. Lote limo. Hukutubakishia hata moja."

Alitafuta. Miaka sitini na mitano ya kuwa ndugu na mtu, na hakukipata kitu ambacho hajakitandaza barazani. Kilibaki kimoja tu, na alikijua tangu alipoanza kuulizwa.

"Siku ile ulinipigia kuniuliza," alisema. "N'kakwambia yumo. N'kakwambia mpe salamu zangu."



"Hilo halimo," alisema Mahfoudha. "Na wanangu hawalijui."

Marhoon aliendesha gari hadi Mawaleh bila kubadilisha kanzu. Alimkuta Hatem sebuleni na mama yake kwenye cherehani, akayasema yote akiwa amesimama, mpaka na wageni wa Dubai.  Hatem alimgeukia mama yake.

"Mama! Kwa nini hukutwambia kama ulimuuliza mjomba?"

Mahfoudha alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na aliutunga mpaka ukapita. "N'kimngoja aseme mwenyewe," alijibu. "Sikudhani itakuwa miezi minane."

Hatem aliinuka, akatoa kadi ya benki kwenye pochi yake, akaiweka juu ya mapaja ya mama yake pamoja na maneno ya kuomba radhi. Mahfoudha aliitazama, akaipapasa kwa kidole kama anavyopapasa mshono, kisha akamrudishia.

"Kaa nayo, baba," alisema. "Mimi nishazoea kuomba."