Mjomba Aliyemwita Tangi

Fundi alikuwa na mikono ya dhahabu, lakini mdomo wake ndio uliomletea wateja. Chumba chake cha kushonea kilikuwa pembeni ya barabara, mlango wazi kutwa nzima. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na benchi ambalo halikukosa watu hata siku ambazo hakuna aliyeleta kitambaa. Watu walikuja kucheka. Fundi akikupima, lazima akupachike jina. Mwalimu mmoja mrefu alipachikwa Nguzo. Muuza dawa mwenye kipara akawa Sahani. Na majina yake yalikuwa na gundi: akitoa jina asubuhi, jioni watoto wanaliimba.

Mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mmoja siku alipopewa la kwake. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, benchi limejaa akina mama na watoto wao. Fundi alimzungushia binti tepu ya kupimia kiunoni, akajifanya haifiki, akaivuta huku amekunja uso, kisha akawageukia watu.

"Jamani, nileteeni kamba ya kufungia ng'ombe! Huyu si mtoto, huyu ni tangi la maji. Mtaa mzima tutachota hapa!"

Watu walivunjika mbavu. Mama mtu alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mtoto naye alicheka. Hilo ndilo Fundi alilolishikilia miaka mingi baadaye, kila dhamiri ilipomsuta: si alicheka? Angeumia angelia. Lakini kuna kitu kingine alichokiona siku ile, na hakumwambia mtu. Mtoto, huku akicheka, alikuwa amevuta tumbo ndani, na alilishikilia hivyo hivyo bila kupumua mpaka tepu ilipoondolewa.

Kabla ya mwezi kwisha, shule nzima ilikuwa ikimwita Tangi. Kwenye mpira wa wasichana walimweka golini, eti atalijaza goli. Akakua na jina lake, akalizoea, au alionekana kulizoea. Alijifunza kulisema yeye kabla wengine hawajalisema. Akiingia mahali pamebanana, anapaza sauti: "Nipisheni jamani, Tangi linapita!" Watu walimpenda kwa hilo. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Alipomaliza shule alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Alikuwa hodari wa hesabu na mwenye maneno matamu kwa watu, lakini meneja alimweka nyuma, kwenye chumba cha tanuri, akasema dirisha la mauzo linahitaji mtu "wa kuvutia wateja." Mpwa alikuja kuisimulia habari hiyo pale kwa mjomba wake kama kichekesho, akimwigiza meneja mpaka namna anavyopandisha suruali. Fundi alicheka kuliko wote.

"Kakosea huyo bwana," alisema. "Angekusimamisha mlangoni, mwizi apite wapi?"

Akiwa na miaka ishirini na sita, binti alianza kupungua. Siku ya kwanza alileta sketi mbili.

"Mjomba, zinanivuka. Nipunguzie."

Fundi akampima, akafungua daftari lake la vipimo. Arobaini na sita ilikuwa imekuwa arobaini na tatu. Alipiga meza kwa kiganja. "Inchi tatu! Mnaona, jamani? Tangi limeanza kuvuja!" Benchi likapiga makofi. Wiki sita baadaye binti alirudi, ikawa arobaini. Kisha thelathini na saba. Kila mara Fundi aliitangaza namba kama mtu anayetangaza mshindi, na kila mara makofi yalipigwa. Wanawake walimvuta kando wakitaka siri yake. "Kujinyima tu kidogo," aliwaambia.

Mambo yake yakamnyookea. Meneja alimtoa kwenye tanuri akamleta dirishani. Wanaume waliokuwa wakimpita kama ukuta sasa walimsalimu. Mama yake hakuwa na habari nyingine kwa majirani. Na Fundi, kwa furaha, alimshonea gauni la zambarau la zawadi, lililombana kiunoni barabara.

Lakini mkono wa fundi una macho yake. Mara ya nne alipompima, kidole chake kilipopita begani kilikutana na mfupa. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma bati, na mikono ya binti ilikuwa ya baridi. Alipoambiwa ageuke, alishika meza kwanza.

"Lakini unakula, wewe?" Fundi aliuliza. Aliuliza kwa sauti yake ile ile ya benchi.

"Nikila si nitajaa tena, mjomba?"

Watu wakacheka, na Fundi naye akacheka. Binti hakucheka. Alikuwa akimtazama mjomba wake usoni, yeye peke yake, kama mtu anayesubiri. Fundi aliyaona macho yale na akayaelewa, au angeyaelewa kama angetulia kidogo. Lakini kulikuwa na mteja amesimama mlangoni, na mzaha ulikuwa umekaa vizuri, na zaidi ya yote, jambo ambalo alikuja kulikiri moyoni mwake tu, alikuwa akijivunia. Aliuona ule mwili kama kazi ya mikono yake. Akainama, akaandika thelathini na mbili.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, binti alianguka pale dirishani akiwa ameshika trei ya maandazi. Kichwa kiligonga pembe ya rafu. Mfanyakazi mwenzake alikimbia kumwita Fundi kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na Fundi akafika hospitali na tepu yake ingali shingoni.

Karani wa mapokezi alishika kalamu. "Jina la mgonjwa?"

"Tangi," Fundi alisema.

Karani aliinua macho. "Jina kamili, mzee."

Fundi alilijua jina. Alimbeba yule mtoto akiwa na siku saba. Lakini ilimchukua muda mrefu kulipata, na foleni nzima nyuma yake ilikuwa ikimsubiri mtu mzima akumbuke jina la mpwa wake. Alipolitaja hatimaye, lilikuwa geni mdomoni mwake.

Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwaita Fundi na dada yake pembeni. Alisema binti amekuwa akiishi kwa kipande cha mkate na chai kwa karibu miezi tisa, na siku alizokula zaidi alijitapisha. Damu imepungua, chumvi za mwili zimeshuka, moyo unadunda ovyo. Siku chache zaidi na wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

"Miezi tisa," daktari alirudia. "Hakuna aliyeona?"

Fundi alitazama sakafu. Aliona, tena alikuwa na tarehe, na namba, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Walipobaki wawili kwenye korido, dada yake ndiye aliyeanza. "Wewe ulikuwa unampima."

"Nilikuwa nampima, dada."

"Na mimi nilikuwa nasifu," dada alisema. Saa ya kuruhusiwa ilipofika, wakaingia wodini.

Huko mtaani, mikono ile ile iliyopiga makofi sasa iliziba midomo ikinong'ona. Kumbe alikuwa mgonjwa. Unafikiri ni ugonjwa gani? Mtu hakondi hivyo bure. Fundi aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye cherehani yake, yakamchoma kuliko sindano. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na huu alikuwa ameutumbua yeye. Akaamua kutengeneza. Alizunguka mtaa mzima, akaenda kwa muuza nyama, akaenda kiwandani, akaenda mpaka kwa watoto waliokuwa wakicheza barabarani: kuanzia leo mtu asimwite mpwa wangu Tangi. Na benchini alitangaza kuwa atakayelitamka jina lile hatashonewa hata kifungo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali alilala akajiona amefanya la maana.

Baada ya wiki tatu binti alirudi nyumbani. Siku ya nne akaja pale kwa Fundi, akitembea polepole.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa."

Hakukaa. Aliwageukia watu wa benchi. "Naomba mtupishe kidogo." Walipotoka alisema, "Nasikia umepiga marufuku jina langu."

"Si jina lako lile. Ule ni uchafu wangu mimi. Nimekukosea, mama, na nataka…"

"Miaka kumi na tano ninaitwa hivyo. Marafiki zangu wananiita hivyo. Nimeajiriwa ninaitwa hivyo. Sasa nikipita kila mtu anameza maneno, ananitazama kama nimefiwa. Mjomba, ulinipa jina bila kuniuliza. Na sasa umeninyang'anya bila kuniuliza."

Fundi aliivua tepu shingoni, akaiweka mezani.

"Siku ile nilicheka kwa sababu mama alikuwa anacheka," binti aliendelea. "Ningefanya nini? Na ile siku uliponiuliza kama ninakula…"

"Naikumbuka."

"Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

Fundi alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika.

"Usilie sasa hivi, mjomba," binti alisema, bila ukali. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na sina nguvu hizo." Alingoja mpaka akatulia. "Wanaoniita Tangi kwa mapenzi wataendelea. Nitawachagua mwenyewe. Lakini wewe, hapana. Wewe utaniita jina langu."

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Kila wiki alikwenda hospitali kuzungumza na mshauri, na kuna miezi alipanda na miezi alishuka. Alipoanza kunenepa tena, meneja alimwita ofisini akamwambia, kwa upole mwingi, kwamba tanuri linamhitaji. Binti alimjibu kuwa wateja walinunua mikate kwake alipokuwa mgonjwa, basi watanunua akiwa mzima. Akabaki dirishani, na yupo mpaka leo.

Fundi aliacha kuwapachika watu majina. Alitundika pazia kona moja, na humo ndimo anamopimia, namba akiandika kimya kimya. Benchi lilipungua watu. Wengine walisema mzee amekuwa mkavu, wakahamia kwingine. Wakati mwingine anapompima mtu, mzaha mzuri humpanda mpaka kooni, akaumeza, akahisi unavyoshuka.

Mpwa wake hakuleta tena nguo pale. Kila Jumapili huja nyumbani kula na mjomba wake na mkewe. Fundi humwita jina lake lote, kwa uangalifu kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa, naye huitika, "Abee, mjomba." Kama amesamehewa hajui. Hajawahi kuuliza, kwa sababu anaona kuuliza ni kuomba tena kitu. Binti anapoongeza chakula, Fundi huinuka kwenda kunawa mikono ambayo amekwisha kuinawa, asije akajikuta anahesabu vijiko.

Jumapili moja alikuja na gauni jipya la kijani, limeshonwa na fundi mmoja mwanamke wa upande wa pili wa soko. Bega la kushoto lilikuwa limepinda. Mshono umevutwa, na kwa dakika kumi tu ungekaa sawa. Vidole vya Fundi viliwasha. Akakaza macho kwenye sahani yake.

"Najua, mjomba," binti alisema. "Ni bega. Lakini yule mama ananipima bila kusema neno."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akampitishia jagi la maji.