Kona Hii ni ya Nani?

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya michezo, Mkuu wa Michezo aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikasema sijui. "Vizuri," akasema. "Basi hutatamani kushindana. Kaa chini." Mpaka leo sijui kuendesha, na maisha yangu yote ya kazi hapa Eldoret niliandaa mbio za baiskeli. Vijana mnaosoma haya mtacheka. Chekeni tu, mbio zenyewe hazipo tena.

Kazi ya mbio za baiskeli haiko kwenye baiskeli, iko kwenye kona. Katika mbio za miguu, ambazo mji wetu unajulikana kwazo, mtu akipotea njia unamwita anarudi. Baiskeli ikiteremka kwa kasi ikakutana na lori la mahindi, hakuna wa kumwita. Kwa hiyo kila kona kutoka Yamumbi, kupitia Kapsoya, mpaka Kimumu tulipomalizia, ilihitaji mtu wa kusimama na kitambaa chekundu na filimbi. Huyo tulimwita mshika kona. Hakulipwa. Polisi walikuwa wachache, na Mkuu hakuwategemea sana. "Polisi anasimamisha gari," aliniambia. "Jirani anasimamisha dereva. Atamtukanaje mama aliyemuuzia sukuma wiki jana?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kumtafuta mshika kona. Huendi kwa mtu kumwomba akufanyie kazi. Unaingia, unakunywa chai, unauliza habari za ng'ombe na za watoto, na mbio huzitaji kabisa. Ukishaaga, ukiwa mlangoni, ndipo unauliza kana kwamba ulikuwa umesahau: "Kwani Jumamosi hii kona ni ya nani?" Hakuna aliyekubali kona iliyo mbele ya boma lake iwe ya jirani. "Ni yangu!" Niliwahi kuona wazee wawili wa Yamumbi wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya kona moja. Hata baada ya ule mwaka mbaya, majirani walipochomeana nyumba, mwaka ambao sote tunaujua na hatuutaji, niliuliza swali hilo milangoni, na kona zote zikapata watu. Siku hiyo nililia ndani ya gari la ofisi, na haikuwa huzuni.

Mkuu wa kwanza alistaafu. Akaja wa pili, aliyependa mikutano, kisha wa tatu, aliyependa soka. Mbio zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, na mimi nikastaafu zikiwa bado zimeahirishwa.

Mwaka huu Kiprop akaja nyumbani kwangu. Kiprop alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli, mmoja wa wachache ambao pikipiki ilikuwa haijawameza. Alikuwa amewakusanya wenzake ili wazifufue mbio, lakini mkuu wa kituo cha polisi aliwapa sharti: kila kona iwe na mtu, la sivyo barabara haifungwi.

"Mama, wewe ndio unajua hawa watu," akasema. "Hii ikishindikana, mimi nauza baiskeli nichukue pikipiki ya loan kama wengine. Nimechoka kungoja."

Nikavaa viatu. Pale Yamumbi nilipokuwa nikinywa chai pameota maploti ya ghorofa, nyumba za kupangisha. Nikabisha geti la kwanza. Kidirisha kikafunguka, jicho moja likanitazama.

"Mwenyewe hayuko. Unataka nini, mathe?"

Chai hakuna, ng'ombe wa kuulizia hakuna. Nikauliza tu, "Jumamosi, hii kona ni ya nani?"

"Hiyo ni ya kaunti," akasema, akafunga.

Nilisikia jibu hilo Yamumbi nzima. Kapsoya walikuwa wapole zaidi. Mmoja hata alinipa namba ya kampuni ya walinzi. Si watu wabaya. Mwaka huu wamepanga hapa, mwaka ujao watapanga kwingine. Mpangaji ana mlango, hana kona. Nilirudi nyumbani miguu imevimba na moyo umekufa.

Aliyekubali ni Mama Atieno peke yake, pale Kimumu. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye njia panda mpaka mgongo ukapinda, na ile kona ya mwisho ilikuwa yake tangu mbio zangu za kwanza. Hata chai sikuwa nimemaliza.

"Wewe usiniulize," akasema. "Hiyo ni yangu. Unafikiria nimepatia nani?"

Lakini kona moja haifungi barabara. Ijumaa jioni Kiprop alinipigia simu kuniambia polisi wamekataa. "Ni sawa, Mama," akasema, na sote wawili tulijua kuwa si sawa. Mama Atieno hana simu, kwa hiyo asubuhi nikapanda boda boda nikamwambie kabla hajajisumbua.

Nilimkuta katikati ya barabara, leso nyekundu mkononi, filimbi mdomoni, magari yamesimama pande zote. Wanaomjua walikuwa wamezima injini. Wengine walianza kupiga honi. Dereva mmoja kijana akatoa kichwa dirishani, akauliza bila ubaya, "Mathe, nani anapita?"

Mama Atieno akanigeukia. "Wamefika wapi?"

"Hawaji," nikasema. "Mbio hakuna. Ni mimi tu."

Akaitazama barabara ya kutoka mjini kama asiyeniamini. Kisha akakunja leso, pembe kwa pembe, akatoka barabarani. Magari yakapita.

Kiprop ana pikipiki sasa. Watu huniambia nipumzike, kazi niliimaliza. Sikuimaliza, iliisha yenyewe, na hilo linaniuma kila ninapoamka. Asubuhi ile nilimshika mkono Mama Atieno mpaka kibandani. Akaketi, akaweka filimbi kando ya omena.

"Sasa hii kona ni ya nani?" akaniuliza.

Swali hilo nimelipeleka kwenye milango ya mji huu wote. Mimi sikuwahi kuulizwa mpaka asubuhi ile.