Kurasa Nane za Salamu

Alhamisi, katikati ya Aprili. Mvua ya masika ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapumzika kidogo asubuhi, halafu ikarudi na upepo. Mwani tuliouanika juzi ulilowa upya, tukauingiza ndani, ukajaa ukumbini hata pa kukanyaga hapakuwepo.

Nilikuwa nimekaa katikati ya mwani huo simu ilipolia. Alikuwa mhariri wa Dar es Salaam. Kwa haraka nilibonyeza pasipo penyewe, simu ikakatika. Akapiga tena. Mungu amjalie, maana wengine wasingerudia.

Nieleze kidogo nilivyomjua. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, hapa hapa kisiwani kwetu, Utende, na kazi yangu ni kulima mwani. Siku za maji mafu, bahari inapokuwa haitoki vya kutosha tukafika mashambani kwetu, nilikuwa naandika. Naandika tulivyoanza kulima, waliotucheka, vigingi vyetu vya kufungia kamba za mwani vilivyong'olewa na mawimbi. Nilidhani ni ya kujisomea mwenyewe. Jirani yetu mwalimu, mwanamke wa Bara anayefundisha sekondari, ndiye aliyeyasoma akasema hiki ni kitabu. Sikumwamini. Nilidhani ananifurahisha tu kwa sababu ya pweza ninaompelekea.

Yeye ndiye aliyesikia kwamba kuna mafunzo ya waandishi wachanga Kilindoni, ya siku moja, bure. Akanisindikiza, na ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kufua. Huyo mhariri ndiye aliyekuja kufundisha, na alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Alituambia mambo ambayo sikuwahi kuambiwa na mtu: usitume nakala pekee uliyo nayo. Usitume kitabu kizima kabla hujaombwa, anza na sura tatu. Tazama kwanza mchapishaji huyo anatoa vitabu vya namna gani. Mkataba usiusaini siku ile ile. Na anayetaka ulipe wewe kwanza, muulize vitabu atauza nani.

Hapo nilishtuka. Kulikuwa na bwana mmoja niliyempata kwenye simu, aliyekuwa tayari kunichapia nikimlipa, nami nilishaanza kumtazama mbuzi wetu kwa jicho la kumuuza. Simsemi vibaya yule bwana. Alinieleza wazi kwamba yeye anachapa tu, kuuza ni juu yangu. Ni mimi niliyesikia nilichotaka kusikia.

Basi sura tatu zikachapwa steshenari, mwalimu akazituma kwa barua pepe yake, tukangoja mpaka nikaacha kuulizia. Ndipo ikaja hiyo simu ya Alhamisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimesoma sura zako. Kazi nzuri. Ila kitabu chenyewe kinaanza ukurasa wa tisa."

Nikamwambia kurasa alizipanga yule wa steshenari, pengine kakosea. Akacheka, lakini si kwa dharau.

"Hapana mama. Kurasa nane za mwanzo unanisalimia mimi msomaji. Unaniuliza hali, watoto, wazee, kazi. Unaomba radhi kwa mwandiko. Tukifika sura ya pili unanisalimia upya. Ya tatu vile vile."

Ni kweli. Kila nilipokaa kuandika niliona ndiyo adabu. Utamwendea mtu usiyemjua, hujamjulia hata hali, uanze kumwambia habari za vigingi?

"Wenzangu wanakutana Jumatatu kuchagua," akasema. "Watasoma kurasa chache tu za mwanzo. Wakikuta salamu tupu wataiweka kando, nami sitakuwa na la kukutetea. Unaweza kunipa mwanzo mpya?"

Nikasema naweza, halafu nikakaa pale pale kwenye mwani, sina hakika. Ndani ya salamu zile nilikuwa nimewataja marehemu mama yangu, aliyekuwa akiniamsha niende shule, na wenzangu wa mashambani mmoja mmoja. Kuzikata niliona kama kuwatoa watu nyumbani. Kuziacha ni kukikosa kitabu.

Mchana mvua ilikatika, wenzangu wawili wakaja barazani tufunge mbegu za mwani kwenye kamba. Mama mkwe alikuwepo. Nikawasimulia.

"Huyo hana adabu," akasema mmoja.

"Tumtendee haki," nikasema. "Alinianza kwa shikamoo."

"Basi tusomee, tusikie wenyewe," akasema wa pili.

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza waliitikia kabisa: "Aleykumu salaam, sisi wazima." Wa tatu macho yao yalirudi kwenye kamba. Wa tano yule aliyesema mhariri hana adabu akaomba asogezewe kamba. Mama mkwe akapiga mwayo.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "ukija kwangu, hodi unapiga wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Nikishakukaribisha, ukifika jikoni unapiga tena?"

Wenzangu wakaangua kicheko. "Ukumbini hodi, chumbani hodi, chooni hodi!"

"Ya chooni na aipige," akajibu mwenzake, "asije akamkuta mtu!"

Mama mkwe hakucheka. "Piga moja. Uingie. Utuambie siku ile vigingi viling'oka."

Nikampigia mhariri nimuulize jambo moja tu: na watu wangu? Akanieleza kwamba kwenye kitabu upo ukurasa wa shukrani, na pale niwataje wote, hakuna atakayewakata. Sikujua. Vitabu vichache nilivyosoma, ukurasa ule nilikuwa nauruka. Watu wa waandishi wale, nimewapita miaka yote bila kuwaitikia.

Jioni mwalimu alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu, akachapa kwa simu yake huku mimi nikimsomea mwanzo mpya. Aliona hata ile hodi moja niliyoiacha ingeweza kuondolewa. Huenda ni kweli, maana yeye ndiye aliyesoma. Nikamwomba tuiache. Ikawa hivi: "Hodi, msomaji. Asubuhi hiyo tulikuta bahari imeng'oa vigingi vyetu vyote." Akatuma.

Jumatatu jua lilitoka, tukautoa mwani nje. Simu ikaja baada ya adhuhuri. Wamekubali, wanataka kitabu kizima, mkataba utafuata. Masahihisho ni mengi, alisema, nisidhani kazi imekwisha. Na akanikumbusha mwenyewe kwamba nisisaini siku hiyo hiyo, nimpe mwalimu ausome kwanza. Wangapi wangekwambia hivyo kuhusu mkataba wao?

Sijui bado kama mimi ni mwandishi. Lakini ukurasa wa shukrani nimeshauanza, na unanishinda kwa urefu. Mama mkwe anauliza yeye atakuwa wa ngapi.

Mwalimu tulimwita usiku ule. Alipiga hodi mlangoni, akaitikiwa, akapitiliza jikoni kusaidia kukuna nazi. Tulikula muhogo wa nazi na samaki changu wa kuchoma. Kichwa alipewa mama mkwe. Mbuzi yupo, alikuwa nje analia.