Siku Kijiji Kilipofunga Mizigo

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilikuwa situlii. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilizaliwa Manyoni, kando ya reli, na mume wangu alinileta kwao, kijiji cha ndani kupita Mgori, ambako gari pekee lilikuwa lori la kununua alizeti, nalo lilikuja msimu wa mavuno tu. Mgonjwa alibebwa kwa baiskeli.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilishafika minadani, sabuni haikuwa ya foleni tena, na watu binafsi walianza kuleta mabasi mjini Singida. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kumwomba mmoja wao atuletee gari. Alirudi amenuna.

"Anasema tuko wachache. Basi halili mchanga, linakula abiria. Lakini Jumamosi atakuja ajionee."

Akapita nyumba kwa nyumba kutuagiza: kila mtu afike barabarani na mzigo, awe ana safari au hana. Watu walicheka, lakini walikuja, hata wa mabondeni tuliokuwa tukiwaona misibani tu. Wengine walijaza pumba kwenye magunia. Jirani yetu alijitwika godoro. Mama mkwe wangu, mjane asiyewahi kulala nje ya kijiji tangu aolewe, alikuja na kuku wawili na dumu la asali.

"Mama, kuku wa nini? Hatuendi popote."

"Si wamesema mzigo?"

Tulidhani yule tajiri atakuja na pikapu. Akaja na basi lenyewe. Alishuka, mtu mfupi mwenye koti la mtumba, akawaamkia wazee shikamoo, kisha akautazama umati na kutabasamu.

"Kumbe mko wengi hivi! Haya, pandeni. Leo nawapeleka mjini bure, kesho nawarudisha."

Jirani akatua godoro. Mwingine akakumbuka ng'ombe wake. Mwenyekiti alitazama ardhi. Mimi miguu ilikuwa inaniwasha, lakini mume wangu alikuwa machungani na nilikuwa nimeacha maharage motoni.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshakanyaga ngazi ya basi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mtinko, kwa dada yangu. Nikifika Singida nitauliza gari la kwenda huko." Akanikabidhi kuku mmoja. "Kila siku unachungulia barabara, mwanangu. Gari si hili? Panda, au nenda kaangalie chungu chako."

Nilimwomba jirani aepue maharage, nikapanda. Tulipanda wachache mno kwa umati ule. Tajiri alicheka mpaka akashika mlango.

Mjini nilimsindikiza mama mpaka kwenye gari la Mtinko. Baada ya hapo nilizunguka soko, stendi, soko tena. Sikuwa na cha kununua wala wa kumwona. Usingizi nilioukosa kijijini niliukosa na huko, nikiwa nimelala kwenye benchi la stendi na akina mama wenzangu.

Kesho yake nilirudi. Mume wangu hakugombana nami. Aliuliza tu, "Mama yuko wapi?" Mama alirudi mwezi mwingine ulipoandama, amenenepa, anawasimulia hata wasiotaka kusikia.

Hata hivyo tajiri alileta basi siku za mnada, kiangazi chote. Mvua ziliponyesha lilikwama korongoni, wakalivuta kwa ng'ombe, na tajiri akalihamishia njia nyingine. Hapo ndipo watu walipoanza kuondoka. Walibomoa nyumba, wakachukua nguzo na milango, wakajenga kando ya barabara kuu. Kila nyumba iliyohama iliacha walio nyuma wachache zaidi, na hakuna mwenye gari aliyetaka kusikia habari zetu.

Zamu yetu ya kuhama ilipofika, nilidhani mama mkwe ndiye atakayetuzuia, maana kaburi la mumewe liko kule. Jioni moja aliaga kaburi hilo kwa Kinyaturu, akazungumza nalo kwa muda mrefu. Asubuhi alitutangulia kwa miguu. Tulipomkuta kwenye barabara kuu alikuwa ameshachagua kiwanja na anagombana na mtu juu ya mpaka.