Siku za Kunyamaza za Otylia Grzelak

Kule Bydgoszcz, mji wa Poland, watu bado wanamsengenya Otylia Grzelak, na wengi wao hawajawahi kupigwa hata kofi. Alikuwa mshona nguo. Kijerumani alikijua tangu utotoni, maana alikua mlango kwa mlango na Wajerumani, ndiyo sababu Wajerumani walipoivamia nchi, wapiganaji wa siri wa Kipolandi walimtaka yeye. Wakampa vyeti vya mjane wa Kijerumani, wakamfundisha kula, kusalimu na hata kutukana kama Wajerumani. Kwa miaka miwili akasafirisha barua zao kwa treni, zimeshonewa ndani ya koti, hadi nyumbani kwa mdogo wake, Ludmiła.

"Wakikukamata je, dada?" Ludmiła alimuuliza.

"Nitanyamaza siku mbili. Ndiyo amri yetu. Siku hizo mbili ninyi hameni, hata paka msimwache."

"Useme wewe? Na hicho kichwa chako cha nyumbu? Watachoka wao!"

Wakacheka, maskini.

Siku moja mchana, katika mkahawa wa stesheni, kipande cha mkate kilimponyoka kikaanguka. Otylia akakiokota, akakibusu, akaendelea kula. Mkono ulijiendea wenyewe. Kila mtoto wa Kipolandi hufunzwa kwamba mkate ukianguka huombwa radhi kwa busu. Meza ya pili alikaa askari wa Kijerumani aliyelelewa na yaya wa Kipolandi.

"Yaya wangu naye alikuwa akiubusu hivyo hivyo, bibi," akasema huku akitabasamu. "Hebu nione vyeti vyako."

Miaka miwili ya werevu, jamani, ikaishia kwenye tonge la mkate!

Siku ya kwanza gerezani Wajerumani walimvunja vidole vya mkono wa kushoto. Ya pili, vya kulia, vile vya kushikia sindano. Hakusema. Ya tatu akawaongezea wenzake, iwe akiba. Siku ya nne asubuhi, walipomzamisha kichwa majini hata asijue tena juu ni wapi, akaitaja nyumba ya Ludmiła. Aliitaja kwa moyo mweupe, kwa kuwa alijua watakuta kuta tupu.

Saa saba mchana mlango ukafunguliwa. Ludmiła akasukumwa ndani, aproni yake ingali na unga.

"Unafanya nini hapa?" Otylia akapiga kelele. "Wenzetu hawakukwambia uhame?"

"Waliniambia, tena mara mbili. Nikawafukuza. Nikawaambia mimi dada yangu namjua." Kisha akaiona ile mikono, akaanza kulia. "Wamekufanya nini, dada? Na nani huyo mshenzi aliyewaonyesha nyumba?"

Safari hii Otylia hakupigwa na mtu.

"Mimi," akasema.

Ludmiła akageukia ukuta, na hakugeuka tena mpaka walipokuja kumchukua. Walimpiga risasi kabla ya jioni. Otylia walimfungulia lango aende zake.